Vitabu Vinavyotusema: Soma, Kisha Uulize

Kisiwa cha Bumbire kimo katika Wilaya ya Muleba. Wavuvi wanakijua vizuri. Watu huenda huko na kurudi kwa mitumbwi, wakichukua ndizi, chumvi na petroli, na wakirudi na samaki na habari.

Lakini Bumbire kinajulikana pia na watu wa mbali sana, ambao hawajapata kula hata dagaa mmoja wa ziwa letu. Wanakijua kwa sababu kimo kitabuni. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1878. Mwandishi wake ni Henry Morton Stanley, mzaliwa wa Wales aliyekuwa mwandishi wa gazeti huko Marekani. Jina la kitabu, kwa lugha yetu, ni kama kusema "Kulivuka Bara la Giza".

Ndugu msomaji, anza na hilo jina. Stanley alipita ziwani kwetu mchana. Aliona jua lile lile tunaloliona sisi, na migomba ile ile. Giza alilolisema lilikuwa wapi?

Leo tutazungumza juu ya vitabu vya mambo ya kweli. Viko vitabu vya kubuni, kama hadithi za sungura na fisi. Mwandishi wa hadithi hasemi kwamba mambo yake yalitokea, nawe unajua hivyo tangu mwanzo. Lakini mwandishi wa kitabu cha safari, cha historia, cha michezo au cha fikra hudai kwamba mambo yake ni ya kweli. Anataja miaka. Anataja watu na mahali. Hadithi ya fisi haiwezi kukudhulumu. Kitabu cha mambo ya kweli kinaweza, maana kinakutaja kwa jina lako na la kijiji chako, na watu wa mbali hukiamini.

WALIVYOKUTANA BUMBIRE

Stanley alifika ziwani mwaka 1875. Alikuwa na mashua iliyoitwa Lady Alice. Mashua hiyo iliweza kufunguliwa vipande vipande, na wapagazi waliibeba kutoka pwani hadi Usukuma. Huko aliwaacha watu wake wengi. Yeye na mabaharia wachache wakazunguka ziwa, wakafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Walipokuwa wanarudi walipita upande wetu wa magharibi. Njaa iliwashika. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili wakatia nanga Bumbire kutafuta chakula.

Stanley anasema kuwa watu wa kisiwa waliivuta mashua mpaka nchi kavu, wakati yeye na watu wake wamo ndani. Wazee wakakaa shauri. Wakataka malipo ya nguo na shanga, nao wakapewa. Kisha wakachukua makasia. Nahodha wa mashua, mtu wa pwani aliyeitwa Safeni, alitumwa kwenda kwao na nguo nyekundu mkononi ili kuwashughulisha. Wakati huo wenzake waliisukuma mashua kwa nguvu zao zote mpaka ikaingia majini. Stanley akapiga bunduki. Watu wa Bumbire walikufa siku ile. Mashua ikaenda bila makasia, mabaharia wakipiga maji kwa mbao walizozing'oa ndani ya mashua.

Kama mambo yangeishia hapo, tungeweza kusema kwamba mtu alijiokoa. Lakini hayakuishia hapo. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Stanley alirudi. Safari hii hakuwa na njaa. Alikuwa na bunduki nyingi na msaada wa mitumbwi ya Waganda. Kwanza alimkamata mkuu wa kisiwa, ambaye kitabuni anamwita Shekka. Kisha akasogeza mitumbwi karibu na ufuko, watu wakiwa wamekusanyika na mikuki yao, akaamuru wapigwe risasi. Mkuki haufiki inakofika risasi. Stanley mwenyewe aliandika kuwa makumi ya watu waliuawa, na wengine zaidi ya mia walijeruhiwa.

Habari hizi hakuzificha. Alizipeleka katika magazeti mawili yaliyomlipia safari, moja la London na moja la New York. Zilipotoka mwaka 1876, hata Uingereza walikuwapo watu waliomlaumu waziwazi. Walisema kuwa msafiri hana ruhusa ya kwenda kufanya vita kwa ajili ya kulipiza kisasi. Stanley akajitetea, na mwaka 1878 akatoa kitabu chake. Kitabu kikauzwa sana.

Sasa msomaji wa Muleba akisoma habari hizi afanye nini?

Wako watakaosema kitupwe. Mimi nasema kisitupwe. Bila kitabu hicho tusingejua mwezi wala mwaka, na tusingekuwa na maneno ya mpigaji mwenyewe akikiri alivyofanya. Ushahidi huo ni mkubwa. Lakini tukisome kama mzee wa baraza anavyosikiliza shauri la mpaka wa kibanja. Mlalamikaji mmoja akisema, mzee hatoi hukumu. Huuliza: mwenzako yuko wapi?

Tazama, kwa mfano, maneno ya watu wa Bumbire. Katika kitabu wanasema Kiingereza, tena Kiingereza kirefu chenye madaha. Watu wa Bumbire hawakusema Kiingereza. Maneno yao yalipita katika vinywa vya wakalimani, na baadaye katika kalamu ya mtu aliyekuwa amekasirika. Katika safari hiyo yalibaki mangapi?

Tazama tena jambo lingine. Katika miaka ile mitumbwi ya vita ya Buganda ilikuwa ikishuka pwani hii kupora watu na mali. Mtu wa Bumbire anaona chombo kigeni kikija kutoka upande wa Buganda, na ndani mna watu wenye bunduki. Je, yeye alijua kuwa ni wasafiri wenye njaa? Kumchukulia mgeni makasia ni ukatili, au ni kama kumshika mtu usiyemjua mpaka ajieleze? Kitabu hakijibu, kwa sababu mwandishi hakuuliza.

Na mabaharia waliokuwa ndani ya ile mashua, akina Safeni, walikuwa watu wa pwani, wasemaji wa Kiswahili. Walishika kasia, walitumwa mbele penye hatari, walisukuma mashua. Laiti mmoja wao angeandika safari hiyo, tungeisoma leo bila ya mfasiri.

Jirani zetu wa Karagwe nao wamo vitabuni. John Hanning Speke alifika kwa Rumanika mwaka 1861, akapokewa vizuri, akakaa mpaka mwezi Januari 1862. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Anamsifu Rumanika kwa adabu na ukarimu. Halafu anaeleza jinsi alivyochukua kipimo na kumpima mwili shemeji wa mfalme, mama mnene, kuanzia mkono mpaka paja. Basi fikiri mgeni aingie nyumbani kwako leo na futi ya fundi cherehani, ampime shemeji yako, kisha akachapishe vipimo hivyo London.

HADITHI YA WAZEE NA JEMBE LA MCHIMBAJI

Sasa tuje Bukoba. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Maruku, wazee walikuwa wanasimulia habari za Mukama Rugomora Mahe. Walisema kwamba Mukama huyo aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Walionyesha pia mahali penye mti mkubwa wa jadi ulioitwa Kaiija, jina linalohusu mahali pa kufulia chuma.

Mtu mwenye haraka angesema: hizi ni hadithi tu. Nani amepata kuona mnara wa kufika mbinguni?

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Peter Schmidt, hakuwa na haraka. Miaka ya 1970 alikaa na wazee, akawasikiliza, akaandika. Kisha akachimba pale walipomwonyesha. Chini ya udongo alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani kupita wafalme wote wanaokumbukwa. Vipimo vya mkaa vilionyesha kazi hiyo ilikuwapo miaka mia kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo. Huko Kemondo nako kulionekana tanuri za kale. Mwaka 1976 wazee waliokuwa wameacha kazi ya kuyeyusha chuma tangu ujana wao walikusanyika tena. Wakajenga tanuri, wakavukuta mivukuto, na chuma kikatoka.

Kitabu cha Schmidt kilitoka mwaka 1978. Mwaka huo huo yeye na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la sayansi kwamba wahunzi wa Buhaya walijua kutoa chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wako wataalamu wengine waliombishia, hasa juu ya jinsi hewa ya mivukuto ilivyopata joto kabla ya kuingia katika moto. Ubishi huo ni mzuri. Ndivyo elimu inavyokwenda. Lakini wazee wa Katuruka walikuwa wameshika jambo la kweli. Mnara wa mbinguni huenda hukujengwa. Wahunzi walikuwapo, na mahali ni pale pale.

Fikiri kama wale wazee wangekufa kabla ya mgeni kufika. Mti ungekuwa mti tu.

WENYEWE WALIPOSHIKA KALAMU

Si kweli kwamba wageni peke yao ndio walioandika. Francis Xavier Lwamgira alikuwa mtu wa Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Alifanya kazi ya serikali wakati wa Wajerumani na wakati wa Waingereza. Aliziandika habari za Kiziba kwa Kihaya, na kitabu chake, Amakuru ga Kiziba, kilichapishwa Bukoba mwaka 1949. Wasomi wengi waliokuja baadaye kuandika historia ya Buhaya wameegemea kazi yake.

Hata hivyo, Lwamgira naye aulizwe. Kitabu chake kinawafuata Abakama, nani alimrithi nani, nani alimpiga nani. Mkulima aliyekaa katika ardhi ya nyarubanja, akimpelekea mwenye ardhi rubisi na ndizi mwaka hadi mwaka, angeandika historia ya namna gani? Nyarubanja ilifutwa kwa sheria miaka ya 1960. Waliokuwa watwarwa wazima wakati huo sasa wamebaki wachache sana. Wajukuu wao wanaweza bado kukumbuka walivyosimuliwa.

Edward Barongo naye aliandika. Kitabu chake kinaitwa Mkiki Mkiki wa Siasa Tanganyika, kilitoka mwaka 1966, tena kwa Kiswahili. Anasimulia siasa za kudai uhuru. Faida ya kitabu kama hicho ni kwamba mwandishi alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Upungufu wake ni huo huo. Aliyekuwa mchezaji uwanjani huona sana mpira uliopita miguuni mwake.

Baadaye ilikuja vita. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini kwetu, yakaishika nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa. Wengine walikimbia wakiacha mali na mifugo. Jeshi letu na wananchi walipigana mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa kitabu kwa Kiswahili, Kuzama kwa Idi Amin. Kinaeleza vita, viongozi na mapigano. Lakini mama aliyevuka na watoto usiku, akalala katika migomba ya watu asiowajua, habari yake haikai katika ramani za vita. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile sasa ni bibi. Ulizeni mapema.

MICHEZO NA FIKRA

Wasomaji vijana hupenda vitabu vya michezo, na hilo si jambo baya. Filbert Bayi ameandika kwa Kiingereza kitabu cha maisha yake. Huyu ndiye Mtanzania aliyekimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwezi Februari 1974, kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo wakimbiaji waliliogopa. Sisi tuliokuwa tukitazama mpira Kaitaba tunabishana mpaka leo nani alifunga bao gani na mwaka gani. Ubishi huo ungekwisha siku moja kama mtu angekuwa na daftari.

Vitabu vya fikra ni vigumu kidogo. Havisimulii tukio. Vinachukua wazo na kuligeuzageuza. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kijitabu chembamba tu. Watu wengine walikikariri kama sala, na hapo waliharibu. Mle ndani mwandishi analaumu shule zinazofundisha watoto kupokea tu bila kufikiri. Kukikariri ni kumkana mwenyewe.

Hapa kwetu Askofu Josiah Kibira wa Kanisa la Kilutheri aliandika juu ya kanisa, ukoo na dunia. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1974. Anauliza swali ambalo kila Mhaya analijua, awe Mkristo au Mwislamu: mtu akipokea dini mpya, ukoo wake unabaki na nafasi gani? Hili si swali la maaskofu peke yao. Hulipuka kila penye msiba, wakati wa kugawa kibanja. Basi ukikutana na kitabu kama hicho na mtu wa kukufasiria, usiogope unene wa maneno. Swali lake umekwisha kulijua nyumbani.

DAFTARI LA KIJIJI

Mwaka 1968 ulianza mpango wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya kanda ya ziwa. Mkoa wetu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmojawapo. UNESCO ilisaidia. Watu wazima walisoma herufi pamoja na kilimo cha migomba, uvuvi, na utunzaji wa nyumba na watoto. Mama aliyeanza kwa kuandika jina lake katika daftari la darasa aliweza baadaye kusoma gazeti. Sasa hatua moja imebaki, nayo ni kuandika mambo tunayoyajua sisi peke yetu.

Kikundi cha watu watano kinatosha, hasa akiwamo kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri. Nunueni daftari gumu. Chagueni jambo moja, wala msianze na "historia ya Muleba" yote. Anzeni na dogo: jinsi bandari ya mitumbwi ya kijijini ilivyopata jina lake, au nani alileta mibuni ya kwanza katika kitongoji chenu. Pengine habari za wale waliopanda meli ya MV Bukoba tarehe 20 Mei 1996, ambayo ilizama asubuhi iliyofuata karibu na Mwanza. Hizi zitakuwa nzito. Msimlazimishe mtu aliyefiwa.

Mwendeeni mzee asubuhi, kabla hajachoka. Msalimuni kama inavyotakiwa, kaeni chini, msimkatize. Andikeni jina lake kama atakubali, kitongoji chake, na tarehe ya siku hiyo. Akisema "niliona", andikeni aliona. Akisema "tulisikia", andikeni walisikia. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyofikiriwa, na Stanley angetusaidia sana kama angeifuata. Kisha mwendeeni mzee wa pili, mkamuulize jambo lile lile. Wakipingana, andikeni yote mawili. Msiwapatanishe.

Maneno ya Kihaya yasiyo na Kiswahili yaacheni kwa Kihaya, mkieleza maana yake pembeni. Mkimaliza, msomeeni mzee yaliyoandikwa. Atasahihisha, na mara nyingi ndipo hukumbuka jambo kubwa kuliko yote.

Nakala moja ikae shuleni na nyingine ofisi ya kijiji. Mkienda Bukoba mjini, pitieni maktaba ya mkoa mkaulize kama watapokea nakala ya tatu. Mkiwa huko ulizeni pia vitabu tulivyovitaja.

Neno moja kwa wale wa visiwani, Bumbire, Kerebe, Ikuza na Goziba, ambao daftari lao litavuka ziwa: tumieni penseli. Maji yakiingia mtumbwini wino huenea ukafuta ukurasa wote, lakini maandishi ya penseli yakikaushwa juani husomeka tena.